Kipima pumzi katika ujauzito wenye pumu: uzoefu wangu

Nina pumu tangu utotoni, na nimebeba mimba na kulea mtoto nikiwa nayo. Kati ya vitu vyote nilivyotumia kipindi hicho, ninachotaka kukisemea ni kipima pumzi: kile kibomba cha plastiki chenye namba ubavuni, unachokipuliza kwa nguvu kikakuonyesha hewa inatoka kifuani kwa kasi gani, kwa lita kwa dakika. Hakina betri, hakina waya, kinaingia kwenye mkoba. Nilikuwa nacho kabla ya kushika mimba, lakini mimba ndiyo iliyonionyesha kazi yake.

Shida ni kwamba mimba yenyewe inakata pumzi. Homoni ya projesteroni huufanya mwili uvute hewa nyingi kuliko kawaida tangu miezi ya mwanzo, hata kabla tumbo halijaonekana, na wajawazito wengi sana ambao hawajawahi kuugua mapafu hulalamika kwamba wanahema. Sasa mwenye pumu atajuaje? Umepanda ngazi unatweta: ni mtoto au ni kifua? Kila unayemuuliza anakujibu, "Ndivyo mimba ilivyo, mama." Wengi wanasema hivyo kwa nia njema, na mara nyingi ni kweli. Tatizo ni zile mara ambazo si kweli.

Kipima pumzi kinajibu swali hilo kwa sababu mimba haishushi namba yake kwa kiasi cha maana. Tumbo linakua, mbavu zinatanuka, kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinasukumwa juu, lakini njia za hewa zinabaki na upana wake. Ukiwa unahema na namba yako iko pale pale, kwa kawaida pumu si ya kulaumiwa. Ukiwa unahema na namba imeshuka, mirija imebana, na hilo halisubiri tarehe ya kliniki. Ila tusikiweke mahali pa daktari. Kuhema kunakokuja ghafla, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, au kuchoka kupita kiasi, hayo yanakupeleka hospitali hata kama namba ni nzuri, maana damu iliyoganda na upungufu wa damu havionekani kwenye kibomba hiki.

Namna ya kukitumia si ngumu, lakini ina masharti yake. Unasimama, unarudisha mshale chini kabisa, unavuta hewa mpaka kifua kijae, unabana midomo kwenye mdomo wa kifaa, kisha unapuliza mkupuo mmoja, mfupi na wa nguvu. Unarudia mpaka mara tatu na kuandika namba kubwa kuliko zote. Vidole visizibe njia ya mshale. Na usipulize kama mtu anayetema mate, kwani ulimi ukisukuma hewa, mshale unaruka juu na kukupa sifa usiyostahili. Mimi nilipima asubuhi kabla ya dawa, na tena jioni. Ni kawaida ya asubuhi kuwa chini kidogo; pengo kati ya asubuhi na jioni likianza kuwa kubwa, ujue pumu inaamka.

Namba ya jirani haikuhusu. Unachohitaji ni namba yako bora, ile unayoifikia kifua kikiwa kimetulia. Yangu ni 430. Kuanzia asilimia 80 yake, yaani kama 345, mambo ni shwari. Kati ya hapo na nusu, ambayo ni 215, ni tahadhari. Chini ya nusu ni dharura. Nilibandika vipande vya utepe kwenye alama hizo ili saa kumi na moja alfajiri, macho bado mazito, nisihitaji kupiga hesabu.

Sehemu ambayo kifaa hiki kilinilipa kila kitu ni mwezi wa saba. Madaktari husema pumu katika mimba huenda njia tatu: karibu theluthi ya akina mama hupata nafuu, theluthi hubaki walivyo, theluthi huzidiwa, na wanaozidiwa mara nyingi ni kati ya wiki ya 24 na ya 36. Mimi nilikuwa wa kundi hilo la tatu. Sikusikia filimbi kifuani, na kikohozi cha usiku nilikiona kidogo tu. Lakini daftari lilikuwa linasema jambo lingine: 410, 390, 370, kisha asubuhi moja 320. Nilipoeleza kwa maneno tu kwamba nahema, mhudumu aliyenipokea alinishauri nipumzike na kulala kwa upande. Nilipomfungulia daktari daftari, alisoma ukurasa mzima kimya, akanisikiliza kifua, akanitazama ninavyovuta inhela, kisha akaongeza dawa ya kuzuia kifua kisibane siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata mshale ulianza kurudi juu, na kikohozi kikakatika.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu mama kijacho mwenye pumu huambiwa mengi kuhusu dawa. Wapo walionisihi niweke kando inhela yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, "kwa ajili ya mtoto". Ukweli ni kinyume chake. Dawa hizi za kuvuta, hasa budesonide ambayo imechunguzwa sana kwa wajawazito, hutumika kwa usalama. Chenye hatari ni pumu iliyoachwa bila kudhibitiwa: inahusishwa na shinikizo la damu la mimba, mtoto njiti, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Oksijeni ya mtoto inatoka kwenye damu ya mama, hana chanzo kingine. Mama akibanwa, mtoto naye anabanwa. Na kuona kwa macho yangu namba ikipanda baada ya dawa kulinipa nguvu ya kuwajibu ndugu kwa utulivu, bila ugomvi.

Kero zipo, na nitazisema waziwazi. Miezi ya mwisho, kupuliza kwa nguvu huku mtoto amekaa juu ya kibofu hutoa mkojo. Ilinisaidia kwenda msalani kwanza, na kukaza misuli ya nyonga kabla ya kila mkupuo. Miezi ya kichefuchefu, kupuliza mara baada ya kula ni kujitafutia kutapika. Na siku ambayo umechoka, unapuliza kizembe na namba inashuka bila sababu, kwa hiyo usitishwe na mkupuo mmoja dhaifu, rudia vizuri.

Chumba cha uzazi nilikwenda nacho. Shambulio kali la pumu wakati wa uchungu si jambo la kawaida, lakini dawa zako zinaendelea kama siku nyingine. Namba niliyopuliza nilipofika iliandikwa kwenye faili, na juu ya faili hilo yaliandikwa kwa herufi kubwa maneno niliyoomba yawepo: ANA PUMU. Jambo hili lina uzito, kwani carboprost, mojawapo ya dawa za kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua, inaweza kubana mirija ya hewa. Oksitosini haina shida hiyo. Wakunga wakijua mapema, wanachagua mapema.

Baada ya kujifungua nilidhani nitakisahau, lakini niliendelea. Kwa kawaida pumu hurudi ilivyokuwa kabla ya mimba ndani ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo dozi iliyopandishwa inaweza kuhitaji kushushwa, na daktari anataka kuona namba kabla ya kufanya hivyo. Nilikiweka pamoja na inhela pembeni ya kitanda: nikimaliza kumnyonyesha alfajiri, napuliza, navuta dawa, nasukutua mdomo. Dawa ya kuvuta inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno, na sikuacha kunyonyesha wala kuacha dawa.

Ukinunua, shikilia hicho hicho kimoja, maana vifaa viwili tofauti vinaweza kukupa namba tofauti kwa pumzi ile ile. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke chenyewe kabla ya kukipuliza tena. Kwa mwenye pumu anayepanga kupata mtoto, ningemwambia aanze kupima kabla ya mimba, ili namba yake bora iwe inajulikana. Kwa dada mwenye makovu ya mapafu au mirija iliyotanuka na kujaa makohozi, hiki si kipimo chake. Amuulize daktari wake kuhusu spirometa, inayopima pia kiasi cha hewa ambacho mapafu yanaweza kutoa.