Thaipusam ya Batu Caves: nenda usiku, si mchana

Kwa msafiri anayetaka kuona ibada ya Kihindu ikiwa barabarani, Thaipusam ya Batu Caves, mapango yenye hekalu nje kidogo ya Kuala Lumpur, Malaysia, ni ya kuifungia safari. Wahindu wa Kitamil wamekuwa wakiifanya hapo tangu 1892, kumtukuza mungu wao Murugan. Huangukia Januari au Februari, mwezi ukiwa mpevu. Ila saa utakayofika ndiyo itakayoamua kama utaona ibada au migongo ya watu.

Usafiri unastahili sifa. Treni ya KTM Komuter kutoka KL Sentral, kituo kikuu cha treni mjini, huishia kando kabisa ya mapango, na siku hizo husafiri usiku kucha. Jaza kadi ya Touch 'n Go, ya kulipia nauli, fedha za kwenda na kurudi kabla hujaondoka mjini. Dirisha la tiketi la Batu Caves huelemewa asubuhi. Teksi usiitegemee, barabara za jirani hufungwa.

Gari la madini ya fedha lenye sanamu ya Murugan hutoka hekalu la Sri Mahamariamman, katikati ya Kuala Lumpur, usiku wa kuamkia mkesha, likaenda mwendo wa kilomita 15 hivi, likisimama kila mara kupokea sadaka. Nazi huvunjwa barabarani mbele yake, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ngumu.

Uhondo wenyewe uko mtoni Sungai Batu, kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri ya sikukuu. Hapo wenye nadhiri huoga, hunyoa kichwa na kupakwa liwa, kisha hutobolewa. Wengi wamefunga hadi siku 48: hawali nyama, wamejitenga na unyumba. Mkuki mdogo hupitishwa shavuni au ulimini, ndoana mgongoni, ngoma zikipigwa karibu kabisa na sikio la anayetobolewa mpaka macho yabadilike. Damu ni chache mno. Wengine hubeba mtungi wa maziwa tu kichwani, na nadhiri yao si ndogo kwa hilo. Simama ubavuni, kamwe usiwe nyuma ya mtu mwenye ndoana: kamba zilizofungwa kwenye ndoana huvutwa kwa nguvu, na mkanda wa begi lako ukinasa, unayeumia ni yeye. Kamera isiwake taa usoni mwake, na ndugu zake wakikuashiria usogee, sogea.

Ngazi ya kupandia pangoni ina vidato 272. Msongamano mbaya huwa juu, kwenye mdomo wa pango, kwa sababu wenye kavadi, yaani mzigo wa nadhiri, husimama hapo kupumua huku umati ukisukuma kutoka chini. Panda kabla ya saa kumi na moja alfajiri au usipande kabisa. Mwenye pumu abaki chini, moshi wa pangoni ni mzito. Mabega na magoti yafunikwe. Chakula kisionekane mkononi, nyani watakipora.

Kula si tatizo. Vibanda vya kujitolea hugawa bure wali, mchuzi wa dengu na mtindi uliozimuliwa kwa maji, kwa ukarimu usiouliza dini yako. Pokea kwa mkono wa kulia. Wali uliokaa juani tangu asubuhi uache.

Vyoo ndio udhaifu mkubwa: vichache, na foleni zake ndefu. Chukua karatasi na maji yako. Kurudi, panda treni kabla ya saa tatu asubuhi. Ukichelewa, subiri hadi alasiri.