Matandazo ya banda la kuku kwa masika: yapi ununue kwanza, yapi uyaache kwa muuzaji

Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, na karibu robo tatu yake ni maji. Ukiwa na kuku 20, hayo ni maji zaidi ya nusu ndoo ya lita 20 kila wiki, kabla tone la mvua halijaingia bandani na kabla chombo cha maji hakijapigwa teke. Kiangazi maji hayo huondoka yenyewe na upepo. Kuanzia Machi hadi Mei hewa imeshiba unyevu, kuku wanashinda ndani kwa sababu nje ni tope, na maranda yaleyale yaliyokaa miezi miwili kiangazi yanageuka uji ndani ya siku kumi.

Kila muuzaji atakuambia bidhaa yake "inanyonya sana". Muulize pia inakauka vipi. Tambara la deki linanyonya kuliko kitu chochote, lakini hakuna anayelala juu yake. Tandazo la masika linatakiwa lipokee unyevu, libaki na nafasi za hewa katikati, kisha liuachie unyevu huo ukipigwa na upepo. Orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa kigezo hicho.

Kiasi cha kununua

Chukua banda la mita 2 kwa 3, yaani mita za mraba 6. Kuku wanaofungiwa muda mrefu wasizidi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo hapo wanakaa 24. Kina cha kuanzia kwa masika ni sentimita 10. Sentimita 5 zinazotosha kiangazi hapa hazitoshi, maana kuku wakichakura wanafika sakafuni na kinyesi kinaganda juu ya saruji. Gunia lililokuwa la mahindi ya kilo 100 likijaa hufunika karibu mita moja na theluthi za mraba kwa kina hicho. Magunia 5 yanatosha kuanzia. Ongeza gunia 1 kila baada ya wiki mbili kwa kujazia, mara sita hadi mvua iishe, na jumla inakuwa magunia 11.

Nunua yote Februari na uyahifadhi chini ya paa, juu ya mbao au matofali, yasiguse sakafu. Ukisubiri Aprili utalipa zaidi kwa mzigo uliokwishanyeshewa. Matandazo huuzwa kwa gunia, si kwa kilo, na huenda hii ndiyo biashara pekee ambayo mnunuzi akipata lumbesa hakuna anayelalamika. Kinachoangaliwa ni uzito: gunia kavu la maranda au makapi huwa kilo 15 hadi 20, mtu mzima analiinua bila kuguna. Likifika kilo 30, umeuziwa maji.

1. Maranda makavu ya mbao laini

Haya ni yale yanayotoka kwenye mashine ya randa, vipande vyembamba vilivyojikunja vya msindano au msonobari. Kule kujikunja ndiko unakolipia: kila kipande kinashikilia nafasi ya hewa chini yake, kwa hiyo tandazo halishikani upesi na reki inapita bila kugombana. Pia yana joto, jambo ambalo mfugaji wa Njombe, Makete au Limuru atalishukuru Juni na Julai baridi ikianza kuuma.

Yachukue karakana ya seremala wa samani, kwa sababu yeye huranda mbao zilizokwisha kukauka. Maranda ya mbao mbichi yanafika tayari yamebeba maji. Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani ya gunia hadi kiwiko. Ukisikia ubaridi au uvuguvugu katikati, acha. Ubaridi ni unyevu, na uvuguvugu ni dalili kwamba yameanza kuchacha.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni mbao za dawa, zile za kijani kijani zinazotumika kwenye paa. Dawa inayozipa rangi hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, na kuku hudonoa kila kitu. Ukiona hata konzi moja ya maranda ya kijani ndani ya gunia, rudisha gunia zima. Wa pili ni maranda ya mbao ngumu. Yanaota ukungu haraka kuliko ya mbao laini, na vumbi la ukungu likiingia mapafuni mwa vifaranga huwaacha wanahema midomo wazi, wasipate nafuu kwa dawa yoyote ya dukani.

2. Makapi ya mpunga

Yanashika nafasi ya pili kwa tofauti ndogo sana. Kwa anayeishi Kahama, Mbarali, Kilombero au Mwea, ambako mashine za kukoboa zimezungukwa na vilima vya makapi, haya ndiyo namba moja kwa sababu ya bei. Ganda la mpunga ni gumu na lina silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga. Halinyonyi kama maranda, lakini halilainiki wala kushikana, na likipata upepo wa asubuhi moja linakauka. Udhaifu wake unaonekana chini ya chombo cha maji: maji yanapita moja kwa moja hadi sakafuni na kubaki huko, juu pakionekana pakavu. Kwa hiyo chimbua hadi chini unapokagua.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni jina. Mashine za kisasa hutenganisha makapi na pumba laini. Mashine ndogo za zamani hutoa vyote pamoja, ganda, pumba na chenga, na muuzaji huita mchanganyiko huo "pumba" tu. Usiutandike. Pumba laini ni chakula: kuku wataufukua mchana kutwa, panya watakuja usiku, na unyevu ukifika utachacha na kunuka. Sugua kidogo kiganjani. Kiganja kikibaki na unga wenye mafuta mafuta, hayo si makapi.

Ukiweza kupata vyote viwili, changanya magunia mawili ya maranda na moja la makapi. Maranda yananyonya, makapi yanazuia yasishikane. Kwa masika, mchanganyiko huo unashinda kila kimoja kikiwa peke yake.

3. Maganda makavu ya kahawa

Uganda na Kagera yanatumika sana, na kwa haki. Yananyonya vizuri. Yanashuka nafasi ya tatu kwa sababu yanashikana mapema kuliko maranda, na rangi yake nyeusi inaficha maji, kwa hiyo mkono utumike zaidi kuliko jicho. Chukua maganda yaliyotoka kiwandani yakiwa makavu, kamwe si nyama mbichi ya tunda la kahawa.

4. Mabua ya ngano na nyasi kavu

Rahisi, wakati mwingine bure. Yakitandikwa marefu yanajisuka kuwa jamvi: juu pakavu, chini uvundo, na reki haipenyi. Yakatwe vipande vya sentimita 2 hadi 5, na uyabadilishe yote kila wiki mbili badala ya kujazia. Ndani ya viota vya kutagia, hata hivyo, hayana mpinzani.

5. Mchanga wa mtoni

Kwa ndani ya banda masika, hapana. Haunyonyi, una ubaridi, na sentimita 10 katika banda letu la mita 6 za mraba ni karibu tani moja ya kubeba ndani na kuitoa tena. Mchanga wa ufukweni ni mbaya zaidi, maana chumvi yake huvuta unyevu wa hewani. Mchanga kazi yake iko nje, tutaufikia.

Usinunue kabisa

Vumbi la mbao, lile la msumeno, linavutia kwa bei. Kavu, linapeperuka na kuwasha macho. Likilowa, linakuwa kama matope. Vifaranga hulila na kuziba gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, na linalotoka kwenye magogo mabichi limekuja na maji tele. Maganda ya karanga na magunzi yaliyosagwa nayo yaache, kwa sababu ya ukungu.

Kipimo cha ngumi

Kila baada ya siku tatu, chota konzi ya tandazo kutoka chini, si juu, ufumbate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Likimwagika lote, ni kavu. Likibaki tonge linalopasuka ukiligusa, geuza banda zima kwa reki siku hiyohiyo na ujazie. Likibaki tonge gumu au likikulowesha vidole, eneo hilo liondolewe kwa koleo leo, si kesho. Vijidudu vya kuhara damu vinavyotoka kwenye kinyesi vinahitaji unyevu na joto, na vikivipata vinakomaa ndani ya siku moja au mbili. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 ndio wanaolipa.

Pua nayo itumike, lakini mahali pake. Chuchumaa hadi usawa wa kichwa cha kuku, kaa hapo dakika moja. Macho yakiwasha, kuku wako wanavuta hewa hiyo usiku kucha. Usimwage chokaa wala majivu juu ya tandazo bichi ili kuua harufu: vyote viwili huifungulia amonia, ile gesi inayowasha macho, itoke kwa wingi zaidi. Chokaa ni ya sakafu tupu, baada ya kufagia na kabla ya kutandika upya, kuku wakiwa nje.

Kinachoharibu hata maranda bora

Mara nyingi ni chombo cha maji. Kiinue hadi mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, na ukiweke juu ya fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60 iliyowambwa wavu, ili kinachomwagika kisifike kwenye tandazo. Kisha turubai la kuzibia ukuta. Watu hulipandisha hadi juu kabisa kwa kuogopa mvua, na asubuhi bati linatiririsha jasho juu ya kuku. Liachie wazi sentimita 15 hadi 20 chini ya paa, upande usiopigwa na mvua, usiku na mchana. Paa lenyewe lipite ukuta kwa sentimita 60 angalau.

Mlangoni

Miguu ya kuku huingiza tope kuliko paa linavyovuja. Mbele ya mlango chimba kina cha sentimita 15, eneo la mita 2 kwa 2, ukielekeza maji mbali na banda. Chini weka kokoto sentimita 10, juu mchanga wa mtoni sentimita 5. Hiyo ni kama toroli kumi na kitu, mara moja tu, na mchanga utaongezwa kila msimu. Kokoto zisibaki wazi: zinachubua nyayo, na jeraha dogo kwenye uchafu huvimba likawa gumu katikati ya unyayo. Usitupe maranda ya zamani hapo ili kukausha tope. Siku mbili yatasaidia, siku ya tatu yatakuwa tope lenye mbolea, na kuku wataingia nalo ndani.