Vibonzo vya Absolute kutoka DC: nilivyovisoma mimi

DC, kampuni ya vibonzo ya Marekani, ina mfululizo uitwao Absolute. Nianze na bei, maana ndiyo inayouma. Toleo moja la Absolute Batman ni dola 4.99 kabla ya kodi, na ukiwa msomaji wa haraka unalimaliza chai haijapoa. Huku Marekani matoleo mapya huingia madukani Jumatano, na dukani ninakonunua nimeandikisha jina wananiwekea nakala zangu chini ya kaunta. Usipofanya hivyo utakuta zimebaki zile zenye majalada ya kifahari tu, zinazouzwa ghali zaidi kwa hadithi ileile. Absolute Batman namba 1 niliikuta duka jingine ikiuzwa mara kadhaa ya bei yake eti kwa kuwa ni ya chapa ya kwanza. Nikaiacha. Limechapwa upya mara nyingi, na maneno ndani ni yaleyale.

Mfululizo huu ulianza Oktoba 2024. Wanachofanya ni kumchukua shujaa tunayemjua, wakampokonya kile anachoegemea, kisha wakamwachia dunia iliyo ngumu kuliko ile ya zamani. Batman hana mabilioni. Superman anafika duniani akiwa mvulana mwenye akili zake, aliyeiona Krypton, sayari alikozaliwa, kwa macho yake. Wonder Woman hakukulia kisiwani kwa Waamazoni, wale wanawake mashujaa wa vita. Kalelewa kuzimu, na mlezi wake ni mchawi Circe.

Kwangu mimi huyo wa tatu kawaacha wenzake mbali. Mwandishi ni Kelly Thompson, mchoraji Hayden Sherman, rangi za Jordie Bellaire. Ungetegemea mtoto aliyelelewa kuzimu atoke na roho ya kutu, kumbe Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, ana huruma hadi anamlainisha Circe mwenyewe, ambaye mwanzoni hakumtaka. Farasi wake Pegasus ni mifupa mitupu yenye mabawa, upanga wake unamzidi kimo, na mkono wake mmoja si wa nyama. Sababu yake sitaisema, kaisome. Sherman hapangi picha zake katika visanduku vilivyonyooka. Anaponyanyuka Diana, kurasa mbili zinaungana, visanduku vinapinda kumfuata, na jicho lako linajua pa kwenda bila kuelekezwa. Mwaka 2025 kibonzo hiki kilipata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya vibonzo Marekani, ya mfululizo mpya bora, na sikuona wa kubisha.

Batman ndiye anayegombewa, naye nina neno. Scott Snyder anaandika, Nick Dragotta anachora. Bruce, ambaye ndiye Batman, ni mhandisi, baba yake alikuwa mwalimu aliyeuawa katika bustani ya wanyama, mama yake Martha yu hai. Hao kina Oswald Cobblepot, Harvey Dent na Waylon Jones tuliozoea kuwaona maadui, humu ni marafiki zake wa utotoni. Ninapomsoma Bruce na mama yake, au na hao washikaji, nasahau kuwa nasoma kibonzo cha ngumi. Halafu Bruce huyohuyo anakuja kama Batman, jitu lenye mabega ya mlango wa stoo, linang'oa nembo ya popo kifuani, kumbe ni shoka! Toleo la kwanza nilishangilia. Alipoingia adui yake Bane, ukatili ukazidi kipimo, na nikaona kila pigano linalazimika kulishinda la nyuma kwa damu. Mdogo wangu anaipenda hiyohiyo sehemu, basi tunabishana kila tukipigiana simu. Tafadhali usimnunulie mtoto wa darasa la nne kwa sababu tu kaona popo kwenye jalada.

Superman wa Jason Aaron na Rafa Sandoval ana wazo zuri: ukoo wake wa El ni wa tabaka la wafanyakazi Krypton, na huku duniani kijana wao anasimama upande wa wachimba migodi dhidi ya kampuni iitwayo Lazarus. Ila hadithi inarudi nyuma na kwenda mbele hadi unapoteza uzi, hasa ukisoma toleo moja kwa mwezi.

Asiye na hamu ya mashujaa wa kupaa amjaribu Absolute Martian Manhunter wa Deniz Camp na Javier Rodríguez. Mpelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ananusurika mlipuko, na tangu hapo anayaona mawazo ya watu kama moshi wa rangi. Rangi zenyewe ndizo zinazosimulia. Mimi niliyekulia na Madenge na Lodi Lofa wa jarida la Sani, nyeusi kwa nyeupe, ilibidi nirudie kurasa kadhaa ndipo nikazielewa, na sijutii.

Kama pesa ni ya kubana, subiri matoleo yaliyounganishwa kitabu kimoja. Cha kwanza cha Batman, The Zoo, kina namba 1 hadi 6, na hutahangaika na majalada. Mimi Wonder Woman na Martian Manhunter nitaendelea kuwekewa kila mwezi. Batman namsoma kwa kuazima kwa mdogo wangu.