Akili 6: kete iamue, au mchezaji aigize?

Mezani kwetu Himbi, hapa Goma, tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika, ambamo kila uwezo wa mhusika hupewa alama; mwenye Akili 6 huchezwa kwa njia mbili. Ya kwanza huachia kete: katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons, alama 6 hupunguza 2 kwenye kete ya kila jaribio la Akili, basi. Ni nyepesi, ila mhusika huyo huyo ndiye hutegua mafumbo yote kwa kichwa cha mchezaji.

Ya pili hutaka mchezaji auigize upungufu huo wa mhusika. Mimi nachagua hii, mradi mhusika asifanywe kichekesho, maana inaumiza kuona. Wastani ni 10 au 11, kwa hiyo 6 ni chini tu, na Hekima, yaani uwezo wa kusoma watu na mazingira, ina alama yake tofauti. Ramani itamshinda; lakini mwuza gunia la makala sokoni Virunga akipunja, atamgundua mara moja.