TAHADHARI: "Mawakili wa London" wanaodai watakurudishia kripto yako

Jamani someni hii mpaka mwisho, hasa wewe uliyelizwa kwenye zile platifomu za kutredi na uchungu bado unao, maana wewe ndiye wanayekutafuta sasa hivi.

Mimi nilipigwa USDT 1,400 (ile kripto inayofuata thamani ya dola), nikanyamaza kwa aibu, hata mke wangu sikumwambia. Juzi kati mtu ananifuata WhatsApp, Kiswahili kimenyooka, anajiita wakili msaidizi wa ofisi ya London, tarehe niliyotuma hela anaijua na kiasi anakijua mpaka senti. Hapo ndio nilitakiwa nishtuke, nani angejua kiasi kile kama sio wenyewe walioniibia au waliouziwa majina yetu??

Akatuma PDF yenye nembo ya mahakama, eti Uingereza imepitisha sheria kripto ni mali kwa hiyo Mahakama Kuu imeamuru turudishiwe. Ubaya wake nusu ni kweli. Sheria ipo, ilisainiwa tarehe 2 Desemba 2025, na toka 2019 jaji wa kule alishasema Bitcoin ni mali, kwenye kesi ya kampuni ya bima iliyowalipa wadukuzi Bitcoin 109.25 kumkomboa mteja wake. Nikagugo nikayakuta, nikaamini na yaliyobaki, nikatuma USDT 180 ya "kufungua jalada". Siku 3 mbele wanataka 260 ya "kodi".

Ndugu zangu, sheria ile inasema tu kwamba kitu kuwa cha kidijitali hakukizuii kuwa mali. Haimrudishii mtu hata shilingi. Chako unakidai kwa kesi, na unathibitisha hela ilitoka waleti (pochi ya kripto) hii ikaenda ile mpaka ikatua kwa unayemdai. Kuna jamaa aliibiwa kripto ya zaidi ya pauni milioni 2, akaenda Mahakama Kuu London na mawakili wa kweli na wataalamu wa kufuatilia, Septemba 2024 jaji akakubali kabisa USDT ni mali, na bado akashindwa dhidi ya eksichenji (soko la kubadilishia kripto) ya Thailand kwa sababu hakuweza kuonyesha iliyofika pale ni hela yake, ilishachanganyika na za watu wengine. Sasa sisi turudishiwe kwa PDF ya WhatsApp?

Na hili ndio baya zaidi. Kwenye kesi hiyo hiyo, 2022 mahakama iliruhusu hati zitumwe kwa NFT (tokeni ya kidijitali inayotumwa kwenye waleti ya mtu), basi hawa wanakwambia "hukumu yako imeshatumwa, bonyeza linki uunganishe waleti". USIBONYEZE. Zile hati zilienda kwenye waleti za wanaodaiwa wizi, sio za aliyeibiwa! Ukiidhinisha tu wanakomba kilichobaki. Mimi nilishtuka waliponiomba yale maneno 12 ya siri yanayofungua waleti.

Wakili wa Uingereza mtafute kwenye rejista ya SRA (mamlaka inayosimamia mawakili kule), halafu upige namba utakayoikuta huko, sio aliyokupa yeye, maana majina ya mawakili wa kweli wanayaiba. Wa kwetu Tanzania muangalie e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa kuhakiki mawakili. Na ada ya mahakama hailipwi kwa USDT kwenye waleti ya mtu.

Namba yao nimeituma 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu) na skrinishoti zote nimepeleka polisi. Kama umeshalipa usifute chati hata moja, na ile namba ndefu ya muamala (hash) ikopi uiweke mahali, ndio kitu cha kwanza watakachokuuliza.