Ofisi ya mawakili wa ardhi mjini Krabi: huduma kwa wanandoa ambao mmoja wao si Mthai

Ofisi ninayoitathmini hapa ni ndogo, iko mjini Krabi kusini mwa Thailand, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwasimamia wanandoa wa uraia tofauti wanaponunua ardhi, wanapojenga au wanapoandaa mirathi. Jina lake naliacha, kwa kuwa ninayo ya kuisifu na ya kuilaumu, na mji wenyewe si mkubwa. Mume wangu ni Mthai wa mkoa huo, mimi ni Mkenya wa Mombasa, na tuliwaendea tulipotaka kiwanja wilayani Nuea Khlong, kwenye ukanda wa mashamba ya michikichi na mipira. Kiwanja kilikuwa kinunuliwe kwa akiba ambayo mume wangu aliiweka kabla hatujaoana, na nyumba ijengwe kwa fedha yangu. Mgawanyo huo wa fedha ndio uliofanya shauri letu liwe na uzito, na ndio ulioonyesha ubora wa ofisi hii pamoja na kasoro yake.

Jambo la kwanza wanalostahili kusifiwa ni kwamba hawampi mgeni matumaini hewa. Sheria ya Ardhi ya Thailand ya mwaka 1954 inamruhusu mgeni kumiliki ardhi pale tu panapokuwa na mkataba baina ya nchi yake na Thailand unaompa haki hiyo, na leo hakuna mkataba wa namna hiyo unaofanya kazi. Upo mlango mwingine, uliofunguliwa mwaka 1999, kwa anayewekeza baht milioni 40 na kudumisha uwekezaji huo kwa miaka isiyopungua mitano, naye hupewa kibali cha kumiliki ardhi ya makazi isiyozidi rai moja, yaani mita za mraba 1,600. Mlango huo wakili aliutaja kwa sentensi moja, akatutazama, akaendelea na mengine. Mkenya hana sababu ya kuona hapa ameonewa, kwa kuwa ibara ya 65 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo inamnyima asiye raia umiliki wa kudumu, ikimwachia upangishaji wa muda usiozidi miaka 99. Tofauti ni kwamba Thailand upangishaji wa nyumba au ardhi ya makazi hauvuki miaka 30 kwa mkataba mmoja, na ukizidi miaka mitatu bila kusajiliwa kwenye ofisi ya ardhi, miaka inayozidi hapo haidaiki mahakamani.

Tulikuwa tumeshaambiwa na dalali mmoja kwamba njia rahisi ni kufungua kampuni, Wathai wakishika asilimia 51 ya hisa kwa jina tu. Ofisi hii ilikataa katakata kuigusa njia hiyo, na ilitueleza sababu bila kupaka rangi: Mthai anayeshika ardhi kwa niaba ya mgeni anatenda kosa chini ya sheria hiyohiyo, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili, na ardhi yenyewe huamriwa iuzwe. Ofisi inayokataa ada ya kazi chafu inastahili kuaminiwa katika kazi safi, na kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Kisha likaja suala la tamko la pamoja, ambalo wageni wengi hulisaini wakiwa wamesimama kwenye kaunta ya ofisi ya ardhi bila kujua wanachokisaini. Kabla ya mwaka 1999, Mthai aliyefunga ndoa na mgeni, hasa mwanamke, alikuwa akikataliwa kusajili ardhi aliyoinunua baada ya ndoa, kwa hofu kwamba nusu yake ingekuwa ya mgeni. Mwaka huo Wizara ya Mambo ya Ndani ililegeza msimamo: Mthai ananunua, lakini yeye na mwenzi wake mgeni wanathibitisha kwa maandishi kwamba fedha yote iliyotumika ni mali binafsi ya Mthai, ile inayoitwa *sin suan tua*, wala haimo katika *sin somros*, mali ya ndoa ambayo wakiachana hugawanywa nusu kwa nusu. Mgeni akishasaini, kwa kawaida hana tena mlango wa kudai sehemu ya kiwanja hicho kwa hoja ya ndoa, na hata anapokuwa nje ya nchi hutakiwa asaini tamko hilo ubalozini ndipo usajili uendelee. Wakili wetu, mama wa makamo asiyeinua sauti, alilisoma tamko hilo mstari kwa mstari, mkalimani akifasiri, kisha akatuuliza sote wawili fedha imetoka wapi, akataka kuona taarifa za benki. Alisema kwamba tamko la uongo mbele ya ofisa wa serikali ni kosa la jinai na kwamba yeye halibebi. Niliondoka kikao hicho nikiwa najua kwamba kiwanja si changu na hakitakuwa changu, jambo ambalo ni heri mtu akalijua mapema.

Sehemu ambayo ofisi hii haina mshindani, kwa maoni yangu, ni ukaguzi wa hati. Mkoani Krabi hati si za namna moja. *Chanote*, yenye muhuri mwekundu wa ndege Garuda, ndiyo hati miliki kamili, ambayo mipaka yake imepimwa na vigingi vyake vina namba. *Nor Sor 3 Gor*, yenye muhuri wa kijani, inauzwa na kuwekwa rehani vizuri, ila mipaka yake ilichorwa kwa picha za angani. *Nor Sor 3* ya kawaida, yenye muhuri mweusi, inadai tangazo la siku 30 kabla ya kuhamishwa. Chini ya hizo kuna karatasi ambazo wauzaji huzizungumzia kana kwamba ni hati, na hatari zaidi ni *Sor Por Kor 4-01*, ardhi ya mageuzi ya kilimo iliyogawiwa wakulima, ambayo hurithiwa lakini haiuzwi. Ugawaji wa ardhi ya namna hiyo kwa matajiri wa Phuket ulizua kashfa iliyomfanya Waziri Mkuu Chuan Leekpai avunje bunge mwezi Mei 1995, lakini ukipita kwenye barabara za vijijini bado utakuta vibao vya "inauzwa" kwenye viwanja vya aina hiyo. Kiwanja cha kwanza tulichokipenda kilikuwa kimojawapo. Ofisi iliomba nakala kutoka ofisi ya ardhi, ikalinganisha namba, ikatuandikia ukurasa mmoja wa kutuzuia, nasi tukaachana nacho kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Kiwanja tulichokinunua hatimaye kina Nor Sor 3 Gor, na mpima aliitwa kuthibitisha mipaka mbele ya majirani.

Kuhusu nyumba, ushauri wao ulikuwa sahihi, ingawa haukuja kwa ukamilifu. Sheria ya Thailand haimkatazi mgeni kumiliki jengo. Tatizo ni kwamba jengo linalosimama juu ya ardhi ya mwingine huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo, isipokuwa aliyelijenga awe na haki iliyosajiliwa juu ya ardhi ile. Kwa hiyo walipendekeza mume wangu anisajilie haki ya kuwa na jengo juu ya kiwanja chake, inayoandikwa nyuma ya hati yenyewe kwenye ofisi ya ardhi, kwa muda usiozidi miaka 30 au kwa maisha yangu yote, na kibali cha ujenzi kitolewe kwa jina langu pamoja na mikataba na risiti za fundi. Waliitofautisha haki hiyo na *sitthi kep kin*, haki ya kukalia na kutumia ardhi na kula matunda yake, ambayo wageni wengi huipenda kwa kuwa inaweza kudumu maisha yote, lakini hufa pamoja na mwenyewe na hairithiwi na watoto. Walinionya pia kwamba kitabu cha nyumba, kile cha njano wanachopewa wageni, ni kumbukumbu ya makazi na hakithibitishi umiliki wa chochote.

Ambalo hawakulisema mpaka nilipoliuliza mwenyewe ni kifungu cha 1469 cha Sheria ya Madai na Biashara. Kifungu hicho kinasema kwamba makubaliano yoyote ya mali yanayofanywa na wanandoa wakiwa ndani ya ndoa yanaweza kubatilishwa na mmoja wao wakati wowote ndoa ikiwapo, au ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika, mradi haki za mtu wa tatu mwenye nia njema zisiguswe. Kwa maneno mengine, haki iliyosajiliwa baina ya mume na mke ina mlango wa nyuma, na makubaliano ya kabla ya ndoa, ambayo yangeweza kupanga mambo mapema, hayana nguvu yasipoandikwa au kuambatishwa kwenye sajili siku ileile ya kuandikisha ndoa. Sisi tulikuwa tumeshaandikisha. Nilipokiuliza kifungu hicho, wakili alijibu vizuri na kwa kina, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa akikijua muda wote.

Kwa nini hakukisema? Sidhani kwamba alitaka kunificha. Ofisi ilikuwa ikituwakilisha sote wawili kwa mkataba mmoja wa huduma, na kifungu kile kinamfaa mume kwa kiasi kilekile kinachomhatarisha mke. Wakili mmoja hawezi kumshauri mwenye ardhi namna ya kuilinda na papo hapo kumshauri mwenye nyumba namna ya kujikinga na mwenye ardhi, hata wawe wanapendana namna gani. Ofisi ilipaswa kulieleza hilo siku ya kwanza na kupendekeza kwamba mimi nitafute ushauri wangu pembeni, angalau kwa kusomewa rasimu. Badala yake, mazungumzo yalikwenda zaidi kwa Kithai na mume wangu, naye, kwa heshima yake, ndiye aliyekuwa akisimamisha kikao ili nifasiriwe. Mtu mwenye mwenzi asiye na subira ya namna hiyo angesaini mengi gizani. Hii ndiyo kasoro kubwa ninayoihesabu dhidi yao.

Kwenye mirathi walirudi katika ubora wao. Mwenzi ni mrithi wa kisheria, na panapokuwa na watoto anapata fungu sawa na la mtoto mmoja. Lakini mgeni anayerithi ardhi hawezi kukaa nayo, na hupewa muda usiopungua siku 180 wala kuzidi mwaka mmoja kuiuza. Kwa kuwa sisi ni Waislamu, niliuliza kama mirathi yetu ingefuata sharia. Jibu lilikuwa makini: sheria ya mwaka 1946 inayotambua mirathi na ndoa za Kiislamu mahakamani inahusu mikoa minne tu, Pattani, Yala, Narathiwat na Satun, na Krabi haimo, ijapokuwa misikiti yake ni mingi. Nikaha yetu ni halali mbele ya Mungu, lakini ndoa inayotambuliwa na serikali huku ni ile iliyoandikishwa *amphoe*, yaani ofisi ya wilaya. Alimshauri mume wangu aandike wosia. Alitutahadharisha pia na desturi ya kusajili kiwanja kwa jina la mtoto, kwa kuwa mtoto wa Mthai ni Mthai na anaweza kumiliki, lakini mpaka afikishe miaka 20 wazazi hawawezi kukiuza wala kukiweka rehani bila ruhusa ya mahakama.

Ada ya ofisi ni ya kiwango kimoja kilichoandikwa, haipandi kwa kufuata bei ya kiwanja, na hulipwa nusu mwanzoni na nusu baada ya usajili. Hata hivyo makadirio waliyotupa hayakujumuisha malipo ya serikali, na mtu asipouliza atashtuka: ada ya uhamisho ni asilimia 2 ya thamani iliyokadiriwa, na juu yake kuna ushuru wa stempu wa asilimia 0.5 au, pale muuzaji alipoishika ardhi kwa chini ya miaka mitano, kodi maalumu ya biashara ya asilimia 3.3, mbali na kodi ya mapato ya muuzaji. Nani alipe kipi ni jambo la mapatano, na ofisi ilisubiri mpaka wiki ya usajili ndipo ikaliandika. Tafsiri ya Kiingereza ya mikataba nayo ilikuwa ya muhtasari tu, ilhali nakala inayosajiliwa na inayosomwa na mahakama ni ya Kithai. Nililipa mfasiri mwingine anitafsirie yote, na ningemshauri yeyote aiweke gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa wanandoa wanaonunua kiwanja cha kawaida kwa fedha ya Mthai, ofisi hii ningeipendekeza bila kusita, hasa kwa ukaguzi wa hati. Kwa mgeni anayeweka fedha yake kwenye jengo, ningesema aende huko, lakini rasimu ya Kithai aipeleke kwanza kwa wakili wa pili ambaye mwenzi wake hajawahi kuonana naye. Anayetaka nyumba moja kwa moja kwa jina lake, asishughulike nao. Na aangalie fleti za ghorofa chini ya sheria ya mwaka 1979, ambako wageni wanaruhusiwa hadi asilimia 49 ya eneo la nyumba zote katika jengo, mradi fedha iletwe kutoka nje kwa sarafu ya kigeni na benki itoe hati ya kuthibitisha hivyo.