Faini ya mwendo kasi: kulipa au kupinga mahakamani?

Mwenye gari la michezo anayeandikiwa faini ya mwendo kasi huwa na njia mbili. Kulipa humaliza shauri mapema, lakini katika nchi nyingi ni sawa na kukiri kosa, na rekodi hiyo inaweza kuifanya kampuni ya bima ipandishe ada ambayo, kwa gari la aina hii, tayari ni kubwa. Kupinga hudai muda na pengine wakili, ila humpa mshtakiwa nafasi ya kuuliza kipimo kilihakikiwa lini, na kama mawimbi ya rada, ambayo hutanuka kadiri yanavyokwenda mbali, hayakunasa gari jingine lililokuwa sambamba. Utetezi kwamba spidomita ilionyesha mwendo mdogo hausaidii sana, kwa sababu aliyefunga matairi yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani ndiye aliyeifanya isome chini. Kwa maoni yangu, aliyezidisha kidogo na mwenye leseni safi alipe, anayekaribia kufungiwa leseni apinge, mradi ana hoja kuhusu kipimo, si manung'uniko kwamba gari lake limeonewa kijicho.